Mkeka Kati ya Vyerehani

Daktari alimwonya Mwanaidi kwamba presha itamuua asipopumzika, akamfundisha mazoezi ya yoga. Saa saba mchana, wenzake walipotoka kula, alitandika mkeka kati ya vyerehani vya kiwanda, akalala chali, akavuta pumzi taratibu.

"Hapa si kitandani kwako, mama. Inuka!" msimamizi Ngwali alifoka.

"Huu ni muda wangu wa mapumziko."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze nikiwa hai. Mwenzetu Siti alifia kwenye kiti kile, mkamletea shada la maua. Mimi shada lenu silitaki."

Ngwali akawasha mota za vyerehani vyote makusudi. Sakafu ikatetemeka. Mwanaidi akafumba macho, akanyoosha miguu juu. Mlangoni, mshonaji mmoja aliweka sahani yake chini, akaanza kuvua viatu.