Mpaka Ainue Mikono

Tangazo lilirudiwa tena na tena kwenye spika za ukumbi: wageni wanaombwa wasipige makofi mpaka mpiga piano atakapoinua mikono yake. Watu wa Tsuruoka, mji wa Japani, walioingia na theluji mabegani, wakatazamana. Kwani nani asiyejua? Lakini tangazo lile halikuwa lao wote. Lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa safu ya pili, nyuma tu ya Mama Shiori, mama wa mpiga piano.

Mzee Kuwabara, muuza tofu, ile jibini laini ya soya.

Shiori alipokuwa na miaka tisa, kwenye mashindano ya piano ya watoto ya mkoa, mzee huyu alishindwa kujizuia. Noti ya mwisho ilikuwa bado hewani, yeye akaruka na makofi yake makubwa kama anafukuza kunguru. Mtoto akashtuka, mguu ukateleza kwenye kanyagio, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa mwingine. Mzee alikwenda mpaka mlangoni kuomba msamaha, ameinama hadi kiunoni, na tofu mbichi mkononi. Mama Shiori akaipokea tofu. Msamaha hakuutoa.

Tangu siku hiyo akamfundisha bintiye namna ya kumaliza. Noti ya mwisho ikishapigwa, kichwa chini, mikono ibaki pale pale kwenye vibao, asiinue mpaka mama aitikie kwa kichwa. Siku nyingine chakula kilipoa mezani, mtoto yuko kwenye piano, anangoja.

Kilichoanza kama adhabu kikaja kuwa sifa. Vienna, Warsaw, New York, kote watu walikisubiri kimya cha Shiori Hirasawa kuliko hata muziki wenyewe. Magazeti yalikiandika. Wapo waliolia. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu awe maarufu duniani, alikuwa anapiga nyumbani. Mama yake aliona hivi: kimya kile kikivunjwa hapa, mbele ya majirani, sifa zote za huko zitakuwa bure.

Kabla ya kuanza alikwenda chumba cha nyuma, akamkuta bintiye amekumbatia vifuko vya kupasha joto, vidole baridi kama vimetoka kwenye theluji. Alikuwa ametoka Brazil, akapitia Paris, wiki nzima usingizi wake ni wa kwenye ndege. Mzee Kuwabara naye alikuwamo, amekuja kumsalimu, koti lake linanuka soya.

"Mama Shiori, mtoto huyu midomo imebadilika rangi," alisema. "Hivi anakula kweli, au mnamlisha makofi tu?"

"Wewe makofi usiyataje."

Shiori akacheka kidogo, kisha akashika kifua. "Mama, kinanibana. Tuwaambie wangoje kidogo?"

"Hata changu kinabana, mwanangu. Huo ni woga wa nyumbani. Ukikaa kwenye kiti utaisha."

Akamwekea sawa ukosi wa gauni, akamsukuma mgongoni taratibu, kama alivyomsukuma siku zote.

Shiori alipiga vizuri. Alipiga vizuri mno, ila mama yake hakusikia hata nusu, maana masikio yake yalikuwa nyuma, kwa mzee. Alimsikia akihema. Alimsikia akisugua viganja kwenye suruali. Kipande cha mwisho kilipopanda, na vidole vya Shiori vikawa havionekani kwa kasi, kiti cha mzee kikalia. Mama akageuka akamkazia macho. Mzee akaikalia mikono yake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Noti ya mwisho ilikuwa moja tu, nzito, mwisho kabisa wa upande wa kushoto. Shiori akaipiga. Kichwa kikashuka, chini kuliko siku zote, nywele zikafunika vibao. Mikono ikabaki.

Sauti ikafifia, ikafifia, ikaisha.

Hakuna aliyekohoa. Ilisikika theluji ikiporomoka kutoka juu ya paa. Mama Shiori akahisi machozi yanamjia. Kumbe wale wa Vienna hawakutia chumvi. Kimya kikarefuka, na kadiri kilivyorefuka ndivyo moyo wake ulivyojaa. Mji mzima, wazee kwa watoto, umeshika pumzi kwa ajili ya mwanawe. Hata yeye, aliyekifundisha kimya hicho nyumbani kwake, hakuwahi kukisikia kirefu namna hii. Jirani yake wa kulia alijifuta macho na leso bila kutoa sauti.

Kisha kiti cha nyuma kikalia tena.

Mama hakuhitaji kuangalia. Alirusha mkono nyuma kumzuia, mkono ukakamata hewa. Mzee Kuwabara alikuwa ameshapita, anapanda ngazi za jukwaa na viatu vyake vya theluji, watu wote wakimwona. Aibu ikamchoma mama usoni. Miaka yote ile, na bado ni yeye yule yule.

Lakini mzee hakupiga makofi. Alipiga goti kando ya piano, akazitenga zile nywele, akaweka kiganja chini ya pua ya Shiori.

Mama Shiori akainuka nusu kutoka kitini, akampungia kwa hasira ashuke: bado hajainua mikono.