Milango ya Kijani

Theuri alisimama mbele ya ukumbi, koti lake limefungwa vifungo kombo, akamwambia afisa wa mipango ya mji kwamba hakuja kupinga maendeleo. Alikuja kumtetea mkewe, Kabura.

"Mama Anita anasahau," alisema. "Akitoka nje anapotea, na ni hapa hapa Nyeri tumezeekea. Kitu inamrudisha nyumbani ni ile barabara yetu. Akiona duka ya Gatimu na milango yake ya kijani, akiona fensi ya miiba ya kayaba, anajua amekaribia. Sasa mkiweka ghorofa hapo, atafuata nini?"

Mtaa ule ulikuwa na kanuni ya zamani ya nyumba za chini tu, na tajiri mmoja aitwaye Kingori alitaka ifutwe ajenge ghorofa saba. Kila mtu alingoja abishe, maana si mtu wa kumeza maneno. Kingori aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Theuri alitaka kuendelea, lakini maneno yalimtoroka. Mama mmoja wa kitambaa cha samawati, aliyeketi nyuma yake, akamnong'oneza, "Waambie ile avokado."

"Ndiyo, avokado," Theuri alisema. "Iko langoni. Tulipanda na Kabura mwaka Anita alizaliwa. Msikate hiyo."

Akageuka kumshukuru mama yule, akamkuta analia bila hata kujificha. Alimwonea huruma. Huenda naye ana mgonjwa nyumbani, aliwaza.

Hakuna aliyepinga. Kingori mwenyewe alisimama akasema anaondoa ombi lake, na afisa akatangaza kwamba kanuni itabaki ilivyo.

Theuri alitoka kifua mbele. Yule mama alisema naye anaelekea upande huo huo, wakavuka barabara wameshikana mikono na kuteremka polepole katika baridi ya jioni. Kwa furaha Theuri alimwonyesha kila kitu: fensi ya kayaba, paa nyekundu, milango ya Gatimu iliyopakwa upya kijani kile kile. Gatimu alitoka dukani akawatazama mpaka wakakunja kona. Hakuna kilichohama mahali pake, na Theuri alihisi moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu zile habari za ghorofa zianze.

Walisimama langoni, chini ya avokado.

"Asante sana, mama," Theuri alimwambia. "Wewe rudi kwako sasa, watu wako wasishikwe na wasiwasi. Mimi nitangoja Kabura hapa nje. Giza inaingia, na hajafika."

Mama akamfungua vifungo vya koti, akavifunga upya kimoja kimoja. Kisha akatoa ufunguo mfukoni mwake.

"Amefika, Baba Anita."

Theuri akageuka haraka kutazama barabara, uso umemchangamka, lakini hakuona mtu.