Mpishi Kwenye Kiti cha Rais

"Kaa hapo, Mama, uwe Rais," Patrisi alimwambia Blandina.

Patrisi alisimamia ukumbi wa ile hoteli ya ukingoni mwa kreta. Blandina alikuwa mpishi mkuu. Wapiga picha walitaka mtu wa kukaa kitini wapime taa zao. Basi Blandina akavua aproni, akajitupa kwenye kiti cha Rais mzee, akavimbisha mashavu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Moyoni, hata hivyo, alikuwa anaungua. Marais wa nchi mbili jirani walikuja Ngorongoro kuahidiana kuteketeza mabomu ya nyuklia waliyorithi kwa watangulizi wao. Siku ya nne hii, kila mmoja anang'ang'ania mwenzake atangulie kutia sahihi. Na mpaka watie, walinzi walisema, hata panya hatoki getini. Send-off ya Eva, sherehe ya kumuaga binti yake wa pekee kabla ya harusi, ilikuwa leo saa tisa, kule Endamarariek.

"Sasa jifanye unaandika, Mama!"

Kujifanya? Miaka kumi na tisa Blandina alikuwa akiletewa karatasi za kupokea kuku na mboga azitie sahihi pale jikoni. Karatasi ikiwekwa mbele yake, mkono haukungoja ruhusa. Na leo haukungoja.

Patrisi akachungulia. Macho yakamtoka pima.

"Mama! Nimesahau kubadilisha karatasi. Hii ndiyo yenyewe!"

"Yenyewe ipi?"

"Ya mabomu!"

Kabla hawajaificha, mlango ukafunguka. Rais kijana akaingia na msafara wake, akaona wino kwenye nafasi ya mwenzake, akarukaruka kwa furaha.

"Mzee ametangulia!"

Akachomoa kalamu, akasaini hapo hapo. Vifijo, vigelegele, kamera zikamulika kama radi. Patrisi alijishika kichwa. Blandina aliogopa mpaka akaanza kucheka, na kicheko kikagoma kukatika.

Ndipo Rais mzee akaingia. Akaitazama sahihi ya kijana. Akaitazama nafasi yake mwenyewe. Akamtazama mwanamke aliyekaa kitini mwake, aproni mapajani, machozi ya kicheko yakimtiririka. Akamwinamia mkalimani amsomee kile kilichoandikwa.

Mkalimani akanong'ona: "'Nimepokea, kuku wote wazima. Blandina wa Jikoni.'"

Mzee akakohoa. Akageukia kamera, uso mkavu kabisa.

"Mabibi na mabwana," alisema, "Blandina ni jina langu la ubatizo."