Betri ya Bi. Siwatu

Wakati wa mgao, umeme huachwa tu kwenye nyumba inayochaji kiti cha mgonjwa, na betri ikijaa, laini hukatwa. Ndiyo maana kila alasiri Masoud humwambia mama yake, Bi. Siwatu, azunguke uani na kiti chake mpaka chaji iishe. Fundi alishawaonya kwamba betri ya kukaushwa hivyo haidumu. Masoud aliitikia tu.

Leo Bi. Siwatu alisimamisha kiti, akashika ukuta, akatembea mwenyewe hadi mlangoni.

“Masoud! Njoo uone, miguu imerudi!”

Masoud alitoka, akachungulia kwa majirani, kisha akafunga geti.

“Alhamdulillahi,” alisema, akimkalisha taratibu. “Ila kaa kwanza, mama. Friji imejaa samaki.”