Kipa Avuka Uwanja

Refa alipopuliza filimbi ya penalti, dakika za mwisho za mechi ya mwisho ya msimu, wasichana wote wa timu ya chuo waliinamisha macho. Wakifunga, kombe ni lao. Wakikosa, linakwenda kwa wapinzani wao, Randburg. Na mpigaji wao wa penalti alikuwa amekaa nje, barafu kwenye kifundo cha mguu.

Héritière akatoka golini. Akavuka uwanja mzima bila haraka, akivua glavu kwa meno.

"Wewe ni kipa," nahodha akamwambia. "Ukikosa je?"

"Sikosi."

Nahodha, msichana wa Alexandra, ndiye aliyesema mwanzoni mwa msimu kwamba Mkongo kama Héritière hana nafasi kwenye timu hiyo. Alimtazama kidogo, kisha akampa mpira.

"Eish, dada. Piga basi."

Nyuma ya uzio mama yake Héritière, aliyefunga saluni yake ya Turffontein siku ya Jumamosi kwa ajili ya mechi hii, akapaza sauti: "Mutoto yangu, usiogope!"

Hakuwa anaogopa. Aliuweka mpira kwenye chokaa kwa vidole vilivyokunjamana kwa jasho la glavu, akamwangalia kipa mwenzake wa Randburg. Kipa huyo alikuwa akirukaruka, na kila alipotua uzito wote uliangukia mguu wa kulia, kwa hiyo angechelewa kuruka upande mmoja. Héritière mwenyewe alikuwa amehangaika mwaka mzima kuliacha kosa hilohilo.

Akatabasamu, akaanza kukimbia. Kabla hajaugusa mpira, akamsikia nahodha nyuma yake ameshaanza kushangilia.