Dawa Katika Pembe za Uwanja

Oluoch alikuwa ameshainua jembe pale Shivachi alipoukamata mpini.

“Kepteni, wacha hiyo kitu,” Shivachi, beki wake, alisema. “Mguu wako ukikauka leo, nani atakubeba?”

“Nataka kuona tu iko nini.”

“Kuona ndio kunakausha.”

Wachezaji wengine walisimama nyuma kama watu walio matangani. Oluoch aliutazama udongo uliovimba kidogo kwenye pembe ya uwanja wa Silanga. Akashusha jembe, lakini hakuliachilia. Fainali ilikuwa mchana huo, na aliyeifukia dawa ile hakuwa ameonekana tangu jana.

Huyo ni Wekulo, mshambuliaji. Watu walimwita Spain, kwa ile jezi nyekundu ya Uhispania aliyoitoa mitumba na kuivaa mpaka rangi ikachoka. Hakuwa mtu wa mahali pamoja. Alikuwa amechezea Sarang'ombe, akachezea timu ya Kongo kule Kawangware, akapitia timu nyingine ambazo hata yeye mwenyewe akizitaja alizichanganya. Msimu mmoja hapa, msimu mmoja pale, halafu anafunga virago bila kuaga. Lakini mguu wa kulia alikuwa nao. Tangu afike Silanga mwaka ule wa tisini na tano, timu iliyozoea kupigwa kama ngoma ilikuwa imesahau kushindwa.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Kabla ya mechi ya kwanza aliwaambia wote wakae chini, wageuze migongo, waangalie bwawa lililo kando ya uwanja. Akapita na gunia lililomlemea bega na mtungi wa maji, maana dawa, alisema, lazima inyweshwe. Oluoch aliibia jicho. Akamwona amechuchumaa, jicho moja kalifumba, akilenga kutoka pembe hadi pembe kama mwindaji. Moja aliifukia mbali kabisa, nyuma ya vibanda vya makaa. Hakuna aliyeuliza. Mambo ya dawa hayaulizwi.

“Mvua ikizifunua, zifunikeni,” Wekulo aliwaambia. “Na mtu asizisogeze. Hata kidogo.”

Basi wakazilinda. Mercyline muuza makaa alipotaka kuchimba shimo la nguzo karibu na ile ya nyuma ya vibanda, vijana nusura wamtupie gunia lake bwawani.

Kisha jana, siku moja kabla ya fainali, akaja Ogola, aliyekuwa kepteni wa Kongo. Alikuja kutazama mazoezi. Alipomwona Wekulo uwanjani, alirudi nyuma hatua kadhaa.

“Omera, ndugu yangu, huyu mko naye?”

“Tuko naye. Mnamtaka tena?”

“Sisi kina nani? Kongo hakuna timu siku hizi.”

Oluoch alicheka. Ogola hakucheka.

“Alitufungia mabao mpaka tukafika fainali, halafu akapotea. Vijana wametawanyika. Mmoja anauza mayai, mwingine amerudi ushago kulima. Sarang'ombe pia, nenda uwaulize.”

“Kwenu alifukia?”

“Kama kwenu tu. Na sisi tulilinda kama mayai. Ile dawa inakula timu, omera. Hiyo asubuhi ya fainali tulikuja uwanjani tukakuta...”

Wekulo alikuwa akija upande wao, anapangusa jasho, anatabasamu. Ogola alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaondoka bila kusema kwaheri.

Oluoch hakulala vizuri. Timu hii aliianzisha na mpira wa makaratasi. Nje ya timu alikuwa kibarua wa mjengo kama vibarua wote. Ndani yake alikuwa mtu. Dawa ikiila, angebaki na nini?

“Niachie jembe,” alisema sasa. “Mguu ni wangu.”

“Timu si yako peke yako,” Shivachi alijibu, na wengine wakaunga mkono. Wakasimama kulizunguka lile tuta, bega kwa bega.

Hapo ndipo lori lilipoteremka kutoka barabara ya juu, limejaa mabati mapya na vijana wenye marungu. Mwanamume aliyevaa koti alishuka, akaja moja kwa moja hadi kwao. Shivachi akamkinga kwa kifua.

“Mzee, hapo hapakanyagwi.”

“Najua,” yule mtu alisema kwa upole.

Akapitisha mguu kati ya miguu yao, akakwangua udongo kwa ncha ya kiatu. Kikatokea kichwa cha chuma ndani ya simiti, kimegongwa namba. Akatazama upande wa vibanda vya makaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na vijana wake wakaanza kushusha mabati.

“Hakuna bikoni ya mpaka hata moja imesogea,” alisema. “Wekulo hakunidanganya. Mmenilindia ploti yangu kuliko hata wale wa Kongo.”