Kilo Thelathini na Sita

Aristides alivua viatu, akapanda mzani wa kahawa, akabana pumzi. Mutembei, karani wa chama cha msingi cha wakulima, alisogeza kipimo taratibu mpaka kikatulia.

"Themanini na moja."

Januari ilikuwa mia moja na kumi na saba, na siku ile Mutembei alicheka mpaka akaishika meza, akisema leo gunia limekuja na miguu yake. Sasa hakucheka. Alimvutia kiti, akamwambia apumzike kwanza kabla ya kukipanda kilima cha Kagondo. Aristides alifurahi moyoni, maana mtu aliyezoea kutaniwa huijua heshima hata ikija kimya kimya.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kabati lenye sahani sita ambazo tano hazikuwa zikichafuka. Tangu mama yake azikwe pale nyuma, kwenye migomba, redio ndiyo iliyokuwa ikimsemesha jioni. Chanzo cha kujikondesha kilikuwa Edvina, mshona nguo wa Buhembe, mwanakwaya mwenzake. Alikuwa akimpenda kwa mwaka wa nne sasa, kwa mbali. Kila alipopanga kumwambia, alilitazama tumbo lilivyomtangulia, akaahirisha. Mwishowe akaapa kwamba atasema siku suti ya marehemu baba yake itakapomwenea.

Akaanza kukimbia alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, kwa sababu mwanamume anayekimbia bila kukimbizwa angechekwa kitongoji kizima. Alirudi ameloa jasho kwenye baridi ile, akashika mgomba wa langoni, akahema. Harusini aliipitisha sahani ya matoke kwa jirani yake. Walipomuuliza, aliona aibu kusema anajipunguza, naye ni Mhaya mzima.

"Tumbo halitaki," aliwajibu. "Nitakula kesho."

Kesho yenyewe haikufika. Kilo zikashuka, na kadiri zilivyoshuka, ndivyo watu walivyomsogelea. Nyumba waliyokuwa wakiipita bila kugeuza shingo ikaanza kupata wageni. Mama Benigna wa jirani alileta maziwa ya moto, akasimama mpaka ayamalize. Rwegasira, waliyegombea naye mpaka wa kibanja kwa miaka sita, alikuja mwenyewe na mkungu wa ndizi begani. Akasema yaliyopita si ndwele, ila nusu ya pili ya methali, ile ya kuganga yajayo, hakuimalizia. Hata dada yake Clotilda alitoka Muleba bila kupiga simu, akafua mashuka yote, akapalilia kaburi la mama yao na kipande cha ardhi kilicho pembeni yake.

Kumbe mtu akijiamini, watu wanamwona, Aristides alijisemea. Miaka yote hiyo alikuwa amejificha ndani ya mwili wake mwenyewe.

Lakini wageni walikuwa wakiaga mapema. Wakishaondoka, ukimya ulirudi palepale ulipokuwa umekaa, naye akasimama mbele ya kioo na kujizoeza. "Edvina, mimi, kwa muda mrefu..." Hakufika mwisho wa sentensi, na hapo alikuwa anaongea na kioo tu. Kilo alikuwa ameziweza. Upweke na woga vilikuwa havijapungua hata gramu.

Jumapili ile suti ya baba ilimwenea, hata ikampwaya mabegani. Alikuwa anafunga tai aende Buhembe, liwalo na liwe, mlango ukagongwa. Alikuwa Edvina, ameshika kifurushi cha senene wa kukaanga, macho yake mekundu kwa vumbi la njiani. Hakumpa nafasi ya kumkaribisha. Alimkalisha kwenye kochi, akakaa ubavuni mwake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Aristides, waitu, niache niseme kabla moyo haujarudi nyuma," alisema. "Mimi nakupenda. Nilikupenda tangu ukiwa na tumbo lako lile, ukiingia kanisani benchi zima linalia. Nilingoja useme, ukawa husemi. Sasa nimeona nisingoje tena."

Kilo thelathini na sita, na hakuna hata moja iliyokuwa ya lazima. Aristides alitaka kucheka, akataka pia kulia. Alifungua kinywa ili amwambie yale maneno ya kioo, lakini hata la kwanza halikutoka, kama miaka yote minne. Akabaki anamtazama, machozi yanamtoka, akiminya vidole vyake.

Nje zikasikika nyayo za watu wengi wakitembea taratibu. Habari njema haina mguu mfupi, aliwaza, wamekuja kuwapongeza. Mlango ukasukumwa polepole, wakaingia Mama Benigna, Rwegasira na Clotilda, kila mmoja na rozari mkononi. Nyuma yao aliingia padre, stola ya zambarau shingoni, kichupa cha mafuta matakatifu kiganjani, akainama sikioni kwa Edvina.

"Bado anatutambua?"